Umaskini Usisingiziwe

Liko neno linalopendwa sana na wasemaji wa mikutano, nalo ni kwamba umaskini ndio mzazi wa uhalifu na wa mapinduzi. Neno hilo ni la kale. Mwanafalsafa wa Kiyunani, Aristotle, alikwisha kulisema zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na tangu hapo kila kizazi kimelipokea kama sarafu isiyohitaji kugeuzwa upande wa pili. Leo twataka kuigeuza. Je, neno hili ni la kweli? Na kama si la kweli, ni nani anayefaidika kwa kulirudia?

Twauliza hayo tukiutazama mkoa wa Njombe. Mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019 mkoa huo ulitikiswa na mauaji ya watoto wadogo. Miili yao iliokotwa, na mingine ilikuwa imekatwa viungo. Viongozi wa Serikali walisema wazi kwamba mauaji yale yalihusiana na imani za kishirikina, yaani imani kwamba kiungo cha mtoto chaweza kumletea mtu mali. Hatumhukumu mtu yeyote hapa. Hiyo ni kazi ya mahakama. Tunachopima ni ile sababu.

Njombe si nchi ya njaa. Ni nchi ya mvua na baridi, nchi ya viazi, mahindi, chai, mbao na sasa parachichi. Kabla ya kuwa mkoa kamili mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Iringa, mmoja wa mikoa minne iliyosifika kwa kulilisha taifa. Na Makambako ni njia panda: barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma yakutana na ile ya Songea, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, yapita papo hapo. Malori hulala pale, mazao hununuliwa pale, na fedha huzunguka. Mwenye njaa hutafuta unga. Hatafuti utajiri wa usiku mmoja. Anayeutafuta utajiri wa namna hiyo ni yule aliyemwona jirani yake ameinuka, naye hataki kungoja wala kutoa jasho, na akili yake imefungwa na ujinga hata akaamini kwamba damu ya mtoto ni mtaji.

Huyo huyo Aristotle, katika kitabu hicho hicho, aliandika jambo jingine ambalo wasemaji wetu hawalirudii: kwamba makosa makubwa kabisa hutoka katika tamaa ya kupita kiasi, wala si katika haja, na kwamba hakuna mtu ajifanyaye mtawala wa mabavu ili apate kujikinga na baridi. Watu wa Njombe, wanaoijua baridi ya Juni na Julai, watalielewa neno hilo upesi. Baridi humtuma mtu kutafuta kuni na blanketi. Haimtumi kuua.

Tukitaka ushahidi zaidi, tuwaulize wazee. Kwa miaka mingi ya ukoloni Njombe ilifanywa kuwa ghala la vibarua. Vijana wa Kibena waliandikishwa na kupelekwa mbali katika mashamba ya mkonge, wakaitwa manamba. Hao walikuwa maskini kweli kweli. Je, umaskini wao uliwafanya wezi na wauaji? La hasha. Walikata mkonge, wakalipa kodi, wakarudi makwao na walichokiweka akiba. Kila asemaye kwamba umaskini huzaa wahalifu awatukana babu zetu hao, na awatukana mamilioni ya wakulima na wafanyakazi ambao leo wanaamka na mifuko mitupu na kwenda kazini kwa njia ya halali.

Vivyo hivyo kwa mapinduzi. Septemba 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, Wabena wa Chifu Mbeyela waliishambulia misheni ya Wajerumani ya Yakobi, karibu na Njombe. Waliinuka wakiwa na chakula ghalani. Njaa kuu ilikuja baadaye, majeshi ya Wajerumani yalipoteketeza mashamba na maghala kote kusini, na ndipo vita vilipozimika. Kama njaa ingalikuwa mzazi wa uasi, basi mwaka 1907 ungalikuwa mwaka wa vita kuliko 1905. Kilichowainua watu kusini ni kutozwa kodi, kutumikishwa na kutawaliwa na mgeni.

Septemba 1947 wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukaenea bara kwa kufuata reli. Hawakuwa maskini kuliko manamba wa mkonge. Lakini walikuwa pamoja, nao waliona kila siku mali nyingi ikipita mikononi mwao huku ujira wao haulingani na jasho lao. Na huko Zanzibar, katika uchaguzi wa Julai 1963, ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini ikaambulia viti 13 kati ya 31. Miezi sita baadaye, tarehe 12 Januari 1964, Mapinduzi yakatokea. Watu huvumilia ukata kwa muda mrefu sana. Dhuluma ndiyo inayowashinda.

Sasa twajua ni nani anayefaidika na neno lile la kale. Mhalifu aliyeshiba hulipenda, kwa sababu humpa pa kujificha: husema maisha ni magumu, na uovu wake ukahesabiwa kwa maskini. Mtawala dhalimu naye hulipenda, kwa sababu akiamini kwamba watu huinuka kwa njaa tu, atawagawia unga na kuwanyima haki.

Lakini asiwepo mtu wa kutuelewa vibaya. Umaskini ni adui, tena adui mkubwa. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika mkoa huo wa Njombe, mkoa wa chakula, nusu ya watoto walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Hiyo ni aibu yetu sote. Tena umaskini, hata kama haumzai mwuaji, humfungulia mlango. Mtoto wa mwenye gari hapatikani njiani peke yake. Mtoto wa mkulima, ambaye mama yake yuko shambani tangu alfajiri, ndiye anayetembea peke yake kwenda shule, na ndiye anayewindwa. Katika mauaji kama yale maskini huonewa mara mbili: kwanza huuawa mtoto wake, kisha umaskini wake hutajwa kuwa chanzo.

Basi yafaa tufanye nini? Kwanza, kila kijiji na kila mtaa uhakikishe kwamba watoto hawaendi shule mmoja mmoja. Pili, mpiga ramli yeyote anayewaahidi watu utajiri kwa viungo vya binadamu afichuliwe kwa vyombo vya sheria, hata kama ni jirani, hata kama ni ndugu. Anayemficha ni mshiriki wake. Tatu, tuziondoe dhuluma ndogo ndogo kabla hazijawa kubwa. Sheria ya vipimo yakataza gunia kupita kilo 100, lakini mkulima wa viazi bado aijua lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu yake na kulipwa bei ya gunia moja. Mkulima huyo haombi sadaka. Aomba mizani. Na mfanyakazi anayecheleweshewa mshahara naye haombi huruma. Aomba haki yake.

Ndugu wanachama na wafanyakazi, tuupige vita umaskini kwa sababu ni uovu wenyewe, si kwa sababu tunawaogopa maskini. Tamaa tuipige kwa sheria, ujinga kwa elimu, na dhuluma kwa haki. Kila adui apewe jina lake.