Ethi mbovu: Hatari iliyojificha katika viwanda vya kisasa

KWA miaka mingi kilio kikubwa cha wenye viwanda nchini Tanzania kilikuwa uhaba wa umeme. Mwaka 2024 Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme katika gridi ya taifa. Hata hivyo, umeme mwingi si lazima uwe umeme salama. Usalama wake hutegemea pia namna unavyopokelewa kiwandani, na hapo ndipo suala la ethi linapojitokeza.

Mitambo mingi ya leo huongozwa na kompyuta ndogo zilizofungwa ndani ya makabati ya umeme. Kompyuta hizo hutegemea ishara hafifu, nyingi zikiwa za miliampea 4 hadi 20, ambazo huvurugwa kwa urahisi na mkondo uliopotea njia.

Vurugu hizo zinapotokea, ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuichimbia kompyuta nondo yake ya ethi, mbali na ile ya mitambo, ili ipate ardhi "safi". Ushauri huo unaonekana wa busara, lakini ni wa hatari kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni usalama wa mfanyakazi. Waya wa volti 230 ukigusa bati la kabati ambalo ethi yake ni nondo pekee, yenye ukinzani wa omu 10, mkondo utakaopita hauwezi kuzidi ampea 23. Breka ya ampea 32 haitakatika, na bati litabaki na umeme likimsubiri wa kwanza kuligusa. Kinachoiangusha breka si udongo, bali ni waya wa ethi unaorudi hadi kwenye transfoma, kwani humo mkondo wa hitilafu huwa mkubwa. Pale ambapo njia hiyo haipo, ni lazima kifungwe kifaa kinachokata umeme mara kinapohisi uvujaji.

Ya pili ni radi. Ampea 10,000 zikishuka kwenye nondo ya omu 10, nondo hiyo hupanda hadi volti 100,000, wakati ile ya mbali haijapanda kiasi hicho. Tofauti hiyo hutafuta njia, na mara nyingi njia huwa ni waya wa mawasiliano kati ya mitambo. Kompyuta huungua.

Ndiyo maana viwango vya kimataifa, kikiwamo IEC 60364, husisitiza kuunganisha makabati, mabomba ya chuma, nguzo za jengo na nondo zote kwenye bamba moja kuu la shaba. Vikipanda na kushuka pamoja, tofauti ya kuua mtu au kuunguza kifaa hupungua sana.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwisha mwajiri wajibu wa kulinda wafanyakazi wake, na EWURA hutoa leseni kwa mafundi umeme. Lakini ethi iliyopimwa siku ya kufungwa haibaki vilevile: kiangazi hukausha udongo na kupandisha ukinzani, kutu hula viungo, na mtikisiko wa mitambo hulegeza nati.

Ubaya wa kasoro hii ni kwamba mtambo huendelea kufanya kazi kama kawaida hata ethi ikiwa imekatika. Mwenye kiwanda anayesubiri breka imtahadharishe atasubiri bure, kwa kuwa siku ya hatari breka hiyo ndiyo isiyokatika.