Kamusi Elezo Isigawe Nchi

Swali la nani mwenyeji wa Geita si geni masikioni mwetu. Zamani liliishia barazani, na upepo ukalichukua. Siku hizi laweza kuandikwa katika Wikipedia, kamusi elezo ya intaneti ambayo toleo lake la Kiswahili lilianzishwa mwaka 2003, na likasomwa na ulimwengu mzima. Kamusi hiyo haina mwandishi mmoja. Msomaji yeyote ana ruhusa ya kuongeza, kusahihisha au kufuta. Akiandika mmoja kwamba Geita ni nchi ya Wazinza, mwingine aweza kufuta na kuandika kuwa ni ya Wasukuma.

Sisi tunaona kwamba kosa halimo katika majina ya makabila hayo. Limo katika neno dogo "ya", ambalo hugeuza historia kuwa madai ya umiliki.

Ni kweli kwamba Geita ilikuwa sehemu ya Uzinza. Ni kweli vile vile kwamba Wasukuma wengi walihamia huko na mifugo yao, hasa katika miaka ya 1940 na 1950, serikali ya kikoloni ilipofungua mapori yenye mbung'o. Wakara nao walitoka kisiwani kwao Ukara, ambako ardhi ni haba, wakaja kulima bara. Dhahabu ikaleta wengine: kwanza katika mgodi wa zamani wa Geita uliofungwa mwaka 1966, kisha katika migodi mikubwa ya Geita na ya Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, iliyoanza kazi mwaka 2000 na 2001. Yote haya yaweza kukaa katika ukurasa mmoja bila ugomvi, mradi kila jambo lipewe mwaka wake na ushahidi wake.

Hata jina la Wasukuma latufundisha. Asili yake ni upande wa kaskazini, kama Dakama ilivyo upande wa kusini. Watu waliitana kwa pande walizotoka, kabla maofisa wa kikoloni hawajazifanya pande hizo kuwa makabila yenye mipaka migumu.

Wako watakaosema kuwa haya ni malumbano ya vijana wenye kompyuta. Sivyo. Ofisa mgeni wilayani huanza kwa kusoma kilicho karibu, na sentensi asiyoihoji huenda ikaingia katika taarifa yake. Mahali ambapo fidia ya mashamba na leseni za uchimbaji hugombewa, neno "mhamiaji" au "mvamizi" laweza kumnyima mtu haki kabla hajasikilizwa.

Sheria zetu ziko wazi. Ibara ya 13 ya Katiba yakataza ubaguzi kwa sababu ya kabila au mahali mtu alipotokea. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zasema ardhi yote ni mali ya umma, chini ya udhamini wa Rais. Tena, tangu sensa ya mwaka 1967 Taifa halijawauliza wananchi kabila lao. Basi anayeandika leo kwamba kabila fulani ni asilimia kadhaa ya watu wa Geita, aonyeshe alikoitoa hesabu hiyo.

Ndugu zetu wa Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome wanayajua haya kuliko sisi wa bara, maana katika mialo yao Mkerewe, Mkara, Mjita, Mzinza na Msukuma hushusha dagaa pamoja. Tunawaomba waandike wenyewe habari za visiwa vyao, wasingoje kuandikiwa. Maofisa wa Serikali nao wawafungulie wananchi kumbukumbu za zamani zilizofungiwa makabatini, ili ushahidi upatikane. Na asiyeridhika na sentensi asikimbilie kufuta. Aende kwanza kwenye ukurasa wa majadiliano, alete hoja na kitabu chake.

Kazi ya kamusi elezo ni kueleza watu walitoka wapi na walifikaje. Kugawa ardhi si kazi yake.