MAMBO YA NYUMBANI: Mtoto Avutwaye Mikono Miwili

Mwezi huu imetufikia barua ya mwalimu mmoja wa upande wetu huu wa Chiungutwa, naye ataka shauri. Mume na mke wa kijiji chake wametengana kwa ugomvi. Mama amerudi kwa jamaa zake pamoja na watoto watatu, na baba amekwisha kuja shuleni mara mbili, mara ya pili akifuatana na ndugu zake wenye fimbo, ili amchukue mtoto wa kwanza. Wajomba nao wamepeleka neno kwamba mtoto akitolewa, watakuja wao. Mwalimu auliza, "Nimpe nani?" Kisha aongeza neno jingine lililotushangaza kidogo: vijana wake wapenda sana sinema za Wajapani wenye panga, nao humwambia kwamba samurai hangesumbuka na barua, angekata neno hili kwa upanga mara moja. Je, ni kweli?

Na tuanze na hilo la vijana, maana jibu la lile la kwanza limo ndani yake.

Katika mji wa Edo, ambao leo huitwa Tokyo, alikuwako samurai jina lake Ooka Tadasuke, aliyekuwa hakimu wa mji tangu mwaka 1717 hata 1736. Husimuliwa kwamba walimjia wanawake wawili, kila mmoja adai kwamba mtoto ni wake. Ooka akaamuru wamshike mtoto, huyu mkono wa kuume na huyu wa kushoto, wavute, na atakayeshinda amchukue. Wakavuta. Mtoto akalia kwa maumivu, na mmoja akamwacha mara ile ile. Yule aliyebaki naye akafurahi, akadhani amepata. Hakimu akamnyang'anya, akampa yule aliyeachilia. Wenye kuchunguza habari hizi husema kwamba hadithi nyingi za Ooka ziliambatishwa na jina lake baadaye, na kila msomaji wetu amekwisha kumkumbuka mfalme Sulemani na upanga wake. Walakini tazameni: katika hadithi zote mbili upanga upo, na hakimu ana nguvu ya kuutumia, wala mtoto hakatwi. Vijana wa mwalimu wameona sinema, hawajaona jambo hili.

Lakini shauri letu ni gumu kuliko la Ooka. Pale mmoja alikuwa mwongo. Hapa baba ni baba kweli, na mama ni mama kweli, nao wajomba si wageni. Basi haitoshi kuuliza mtoto ni wa nani. Yafaa kuuliza ni nani kati yao asikiaye kilio chake.

Mwaka 1882 Mjapani mwingine, mwalimu Kano Jigoro, alianza kufundisha vijana wachache katika chumba cha mikeka kumi na miwili, katika hekalu la Eishoji, mjini Tokyo. Mchezo wake akauita judo, maana yake njia ya upole. (Huko Unguja mchezo huo umefundishwa na Mjapani Shimaoka Tsuyoshi, kwa hiyo si jambo la mbali sana nasi.) Mtu akikusukuma, hukushindana naye kifua kwa kifua, wampisha, na nguvu zake mwenyewe zamwangusha. Wako watu katika nchi za mbali wafundishao kanuni hii kama hila ya kumshinda mume au mke mbele ya hakimu. Sisi hatulipendi fundisho hilo, na twadhani Kano asingalilipenda, maana kanuni yake moja kuu ilikuwa kwamba mtu na mwenzake wastawi pamoja.

Tena yako mambo mawili katika judo ambayo hila haiyajui. La kwanza, mwanafunzi hafundishwi kuangusha kabla hajajifunza kuanguka: jinsi ya kupokea mkeka kwa mkono, kukinga kichwa, asivunjike. La pili, amwangushaye mwenzake huendelea kumshika mkono wa nguo hata afike chini, ili asiumie. Ndoa ikianguka, wengi wetu huanguka kama gunia. Mume huchoma nguo za mke, mke husimulia kisimani yaliyokuwa ya chumbani, na mtoto husikia yote mawili. Hata akitaka baadaye kumpenda baba yake, aona haya kwa mama.

Mtu asidhani kwamba twawasifu samurai kwa kila jambo. Katika zama zao mwanamke alikuwa na haki chache, na kati ya watu wa kawaida mume aliweza kumwacha mkewe kwa barua fupi ya mistari mitatu na nusu, na mke hakuweza kuiandika. Ndiyo sababu mahali pamoja palipata sifa kubwa: hekalu la Tokeiji, mjini Kamakura, lililoanzishwa mwaka 1285 na Kakusan, mjane wa mtawala Hojo Tokimune. Mwanamke aliyekimbilia huko alilindwa, na mwisho wa muda wake, uliokuwa kama miaka miwili au mitatu, alipata talaka. Husimuliwa hata kwamba akikaribia kukamatwa langoni, ilitosha kurusha kiatu chake ndani. Lakini wasimamizi wa hekalu hawakuanza na talaka. Waliwaita jamaa wa pande zote mbili, wakawasikiliza, wakajaribu kuwapatanisha, na mashauri mengi yakaisha kwa mapatano kabla mwanamke hajakaa muda ule wote. Haki hiyo ya hekalu ilikoma katika miaka ya 1870, serikali mpya ilipobadili sheria.

Na hapo ndipo twafika nyumbani. Maana Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 yafanana sana na lango lile. Kwa desturi mtu hawezi kupeleka mahakamani ombi la talaka kabla shauri halijafika mbele ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, nalo likatoa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Wengi huliona baraza kama kizuizi cha njiani, waenda kuchukua karatasi tu. Ni hasara kubwa. Hapo ndipo pekee ambapo watu hawa wawili waweza kusemezana bila mmoja kuwa mdai na mwingine mdaiwa.

Kuhusu watoto, sheria ile yasema kwamba jambo la kwanza la kutazamwa ni ustawi wa mtoto. Kisha hutazamwa matakwa ya wazazi, na matakwa ya mtoto mwenyewe ikiwa ana umri wa kutoa maoni yake, na desturi za watu wao. Mtoto asiyetimiza miaka 7 hudhaniwa kwamba yafaa akae na mama, isipokuwa ikionekana sababu ya kinyume; na mahakama hukumbushwa kwamba si vema kumhamisha-hamisha mtoto. Baba hana ruhusa ya kusema, "Wamekaa kwa mama yao, basi alishe yeye," maana wajibu wake wa kuwatunza haukomi. Tena wake wa upande wetu, ambao huambiwa mikorosho ni ya mume kwa kuwa yeye ndiye aliyepanda, wajue ya kwamba mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupata mali ya ndoa.

Desturi za watu wao! Neno hili ni zito huku kwetu kuliko mahali pengi. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao mtoto ni wa ukoo wa mama, na Wayao humwita mwenye mbumba yule kaka awalindaye dada zake na watoto wao. Hivyo wajomba katika barua ya mwalimu hawakosi heshima. Wafanya kazi waliyoachiwa. Lakini ulinzi ni ulinzi wa mtoto. Mjomba ambaye kwa miaka kumi hakuuliza ada wala daftari, kisha akaja na fimbo siku ya ugomvi, huyo alinda jina lake. Na baba asiyeshukuriwa na ukoo ule kwa jasho lake lote, naye ana uchungu wa kweli, yafaa wazee wa upande wa mama wautamke wenyewe barazani. Huko Japani mambo yalikuwa kinyume, mtoto alibaki katika nyumba ya baba. Na hata baadaye, wazazi wakiachana, sheria ilimpa mmoja tu mamlaka juu ya mtoto, hata ilipopitishwa sheria mwaka 2024 ya kuwaruhusu kushirikiana mamlaka hayo.

Basi, mwalimu, wewe si Ooka. Usimtoe mtoto kwa mwenye fimbo, awe baba au mjomba. Mwambie kwa adabu kwamba shule si baraza, kisha siku ile ile mwarifu mtendaji wa kijiji, na afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Usimwulize mtoto mbele ya watu ampenda nani. Wazee wakikutana, waombe waandike mapatano yenye siku na mahali: nani alipa sare, nani ampeleka mtoto hospitali, na watoto waenda kwa baba lini. Sisi twapendekeza likizo ya mwezi wa Juni, yote. Ya Desemba yaweza kugawanywa, ila wazee watazame kwanza kama korosho zimekwisha kuokotwa, isije ikasemwa kwamba baba alitaka vibarua.