Beji ya GT haibandikwi tu

Msee, ukiona Ford Mustang ya 1966 inauzwa huko Marekani ikiwa na beji ya GT, usishangilie bado. Soma namba ya chasi, herufi ya tano. A au K? Huenda ni GT kweli, ila chungulia pia breki za diski za mbele na ekzosi mbili. C au T? Umechezwa! T ni silinda sita, na GT haikutoka kiwandani hivyo.

Silinda sita sina ubaya nayo. Wamarekani wengi waliinunua hivyo hivyo. Kinachoniudhi ni fundi anayeng'oa vipuri vya asili ili aipachike jina kubwa. Mimi niliacha chuo. Nikitundika digrii ukutani, utaniitaje?