Chuma cha mionzi Mayapuri kilitoka chuoni, si bandarini

ILIPOBAINIKA Aprili 2010 kuwa watu wa soko la vyuma chakavu la Mayapuri, jijini Delhi, India, wanaugua kwa mionzi, wengi walinyoosha kidole bandarini. India hununua chakavu kingi kutoka nje, hivyo ilikuwa rahisi kuamini kuwa balaa lile limeletwa na meli.

Haikuwa hivyo. Wataalamu walitambua kuwa ni kobalti-60, wakakusanya vipande sokoni, kisha wakafuata njia ya mauzo kinyumenyume: nani alinunua kwa nani. Mwisho wa mwezi njia hiyo ikawafikisha idara ya kemia ya Chuo Kikuu cha Delhi. Mashine ya utafiti iliyotengenezwa Canada ilikaa pale bila kutumika tangu 1985, na Februari 2010 ikapigwa mnada kama chakavu.

Machoni pa mnunuzi ilikuwa risasi na chuma, mali ya kupimwa kwa kilo. Kumbe risasi ile ndiyo iliyozuia mionzi. Walipoipasua ili waiuze, kobalti ikabaki wazi. Mtu mmoja alifariki dunia na wengine kadhaa wakalazwa hospitali. Kobalti-60 hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka mitano na ushei. Kwa miaka 25 ya kukaa bure, ilibakiwa na chini ya asilimia 4 ya nguvu ya 1985. Bado iliua.

Ni vigumu kumlaumu mwenye mzani. Mionzi haina harufu wala rangi, na aliyejua kilichomo ndani ni muuzaji. Mkuu wa chuo wakati huo alikubali kuwajibika kimaadili, lakini hasara ilikuwa imekwisha kumfika mnunuzi.

Mexico ilikuwa mbaya zaidi. Kobalti ya mashine ya hospitali iliyouzwa chakavu Ciudad Juárez iliyeyushwa kiwandani, na ikagundulika Januari 1984 baada ya lori la nondo kupita kwenye kipima mionzi cha maabara ya Los Alamos, Marekani. Nondo nyingine zilikwisha kujengewa nyumba.

Kwa anayenunua vifaa vya zamani vya hospitali, chuo au kiwanda, alama ya kutazama ni mapanga matatu kama ya feni, aghalabu meusi juu ya njano. Kifaa kizito kupita ukubwa wake nacho kisipasuliwe kabla muuzaji hajaonyesha hati ya kuwa kimepimwa. Nchini Tanzania, msimamizi wa vyanzo hivyo ni Tume ya Nguvu za Atomiki.