Ruzuku za serikali: tarehe zisiwe siri

Leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Juzi nilipitwa na ruzuku ya serikali. Tangazo lilitoka Ijumaa jioni, karatasi iliyoskaniwa ikatiwa ndani ya PDF. Kaprogramu kangu kanakokagua tovuti kila saa hakakusoma hata neno. Nilipoliona zimebaki siku tatu, na bajeti sijaandika. Kumbe kuna waliokuwa na makaratasi tayari kitambo. Nani aliwanong'oneza?

Marekani wana tovuti ya Grants.gov. Humo idara inaweza kuorodhesha ruzuku inayotarajiwa hata kabla haijafunguliwa, pamoja na tarehe ya kukadiria ya kufungua na ya kufunga. Si ahadi. Tarehe husogea, na nyingine hazifunguliwi kamwe. Lakini kila mtu anaona makadirio yale yale. Tena data hupakuliwa kwa XML, kwa hiyo mwanafunzi yeyote anayejua programu anaweza kujitengenezea kengele.

Mtaniambia Marekani wana pesa. Jedwali la tarehe ni pesa ngapi, jamani? Wengine watasema kutangaza mapema kutaleta fujo. Fujo tunayo tayari: mwenye binamu ofisini anajua, wewe hujui.

Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Basi wekeni tarehe, hata za kukisia. Kengele tutajitengenezea wenyewe.