Uhuru wa Kuabudu Haukuanzia Boston

Aghalabu husemwa kwamba Waingereza waliovuka Bahari ya Atlantiki katika karne ya 17 walikwenda Marekani kuasisi uhuru wa kuabudu. Hiyo ni nusu ya kweli. Wapuritani walioijenga Boston mwaka wa 1630 walitaka uhuru wao wenyewe. Walikuwa wamebanwa na maaskofu wa Mfalme Charles wa Kwanza, nao walipofika ng'ambo wakawabana wengine. Mwaka wa 1631 waliamua kwamba asiye mshirika wa kanisa lao asipige kura katika koloni la Massachusetts.

Walioteswa kupita wote ni Waquaker, dhehebu ambalo wasomaji wa magharibi mwa Kenya wanalijua vyema tangu misheni ya Kaimosi ilipofunguliwa mwaka wa 1902. Huko Boston walichapwa viboko, wengine wakakatwa masikio, na kati ya 1659 na 1661 wanne wakanyongwa. Mmoja wao alikuwa mama, Mary Dyer. Mara ya kwanza alitiwa kitanzi shingoni, akashuhudia wenzake wawili wakifa, kisha akasamehewa na kufukuzwa. Akarudi! Tarehe 1 Juni, 1660, hakusamehewa tena.

Wapo wanaotusifia sheria ya Maryland ya mwaka wa 1649. Naam, ilimlinda Mkatoliki na Mprotestanti, lakini aliyeukana Utatu Mtakatifu aliwekewa adhabu ya kifo. Myahudi au Mwislamu angepata kinga gani hapo?

Mimi namheshimu zaidi Roger Williams. Alihukumiwa kufukuzwa Massachusetts mwaka wa 1635 kwa kushikilia, pamoja na mengine, kwamba serikali haina mamlaka juu ya dhamiri ya mtu. Akatoroka katikati ya baridi kali, akapewa ardhi na Wahindi Wekundu wa kabila la Narragansett, na mwaka wa 1636 akaanzisha Providence, ambako hakuna aliyelazimishwa kuingia kanisani.

Wala tusidhani kwamba aliyapenda madhehebu yote. Mafundisho ya Waquaker yalimchukiza mno. Mwaka wa 1672, akiwa mzee wa karibu miaka 70, alipanda mashua, akapiga makasia hadi Newport kwenda kubishana nao hadharani. Walilumbana kwa siku tatu, maneno yakawa makali pande zote mbili. Kisha kila mtu akarejea nyumbani kwake, masikio yake mawili yakiwa salama.